Kisu cha Mkate: Meno Kwanza, Mng'aro Baadaye

Mazungumzo kwa wakaazi na wanafunzi wa Tunguu

Ndugu wakaazi wa Tunguu, na nyinyi wanafunzi wa vyuo vikuu mlioanza kujipangia vyumba, leo tumekuja kuzungumza juu ya kisu cha kukatia mkate. Huenda jambo hili likaonekana dogo. Hata hivyo, wengi wetu hukata boflo la asubuhi kwa kulishika kiganjani na kulikandamizia kisu butu. Na kisu butu kikishindwa kuingia kwenye ganda, huteleza kikaingia mkononi.

Kwanza tujiulize iwapo tunakihitaji. Mkate wa ufuta na mkate wa mofa humegwa kwa mkono, na mkate wa slesi huja umeshakatwa. Anayekula hiyo tu abaki na fedha zake. Kinachohitaji kisu maalumu ni mkate wenye ganda kavu na ndani laini. Kisu cha makali yaliyonyooka, kisiponolewa vyema, huubonyeza mkate kabla ganda halijapasuka. Kisu chenye meno hufanya kazi kama msumeno: nguvu ya mkono hukusanyika kwenye ncha za meno, na ganda likachanika bila kushindiliwa.

Basi tukifika dukani, iwe Darajani au hapa kwetu, tuangalie mambo manne.

La kwanza ni urefu. Bapa la sentimita 20 hadi 25 linatosha kwa mikate ya nyumbani. Bapa fupi huulazimisha mkono kwenda mbio, na mkate ukatoka chengachenga.

La pili ni meno. Yawe sawasawa kutoka mpinini hadi nchani. Meno makubwa mno huuchana mkate laini; madogo mno huteleza juu ya ganda.

La tatu ni mpini. Tumwombe muuzaji tukishike kisu. Msuka, yaani mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, usicheze hata kidogo. Vidole navyo vipate nafasi, visigonge ubao kisu kifikapo chini.

La nne ni chuma. Hewa ya bahari hula vyuma vyetu. Tutafute chuma kisichoshika kutu upesi, na hata hicho tukioshe na kukikausha kila baada ya kazi.

Ama bei kubwa, mng'aro na picha ya kwenye kasha, hizo si dalili za ubora. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Seti ya visu vinane haimfai mtu anayehitaji viwili. Kabla ya kulipa, tuulize kama kisu kitabadilishwa kikionekana na kasoro, kisha tudai risiti na tuitunze.

Lipo jambo ambalo muuzaji hulitaja kwa nadra. Kisu chenye meno hukaa na makali muda mrefu, kwa kuwa ncha ndizo zinazogusa ubao, na mabonde yaliyo kati yake husalimika. Lakini kikishachakaa ni vigumu kukinoa: kinoo cha kawaida na gurudumu la mnoa visu huyasawazisha meno, kisu kikapoteza kazi yake. Kwa hiyo tusikatie mifupa wala muhogo mbichi, na tusikate mkate juu ya sahani.

Na asiye na fedha za kisu kipya mwezi huu afanyeje? Akinoe alichonacho. Auweke mkate juu ya ubao, akunje ncha za vidole vya mkono unaoshika, na akate kwa kwenda na kurudi bila kukandamiza. Hayo hayana gharama, nayo huulinda mkono kuliko kisu chochote tutakachonunua.