Chakula cha Mtoto Aanzapo Kula



Leo nimekusudia kusema nanyi juu ya jambo lililo jikoni mwa kila nyumba, nalo ni chakula cha mtoto mchanga aanzapo kula. Huenda mabwana wengine wakainuka sasa na kutoka nje, wakidhani kwamba maneno haya ni ya wanawake peke yao. Nawasihi wakae, maana baadaye nina neno lao.

Kazi yangu ni kuwafundisha vijana watakaokuwa walimu. Mwalimu hupewa mtoto akiwa na umri wa miaka sita au saba, akampima kwa masomo, akasema, huyu ni mwepesi, na yule ni mzito. Walakini sehemu kubwa ya wepesi na uzito huo imekwisha kujengwa kabla mtoto hajashika kalamu. Hujengwa tangu mimba ichukuliwapo hata mtoto atimize miaka miwili. Katika muda huo ubongo hukua upesi sana, na urefu uliopotea hapo ni shida kuurudisha baadaye.

Watu hudhani kwamba watoto hudumaa mahali penye njaa tu. Sivyo. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wafupi kupita kiasi kwa umri wao. Tena katika mikoa ya Iringa na Njombe, ambako mahindi na viazi hustawi sana, hesabu hiyo ilifika nusu na kuzidi. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa karibu nalo. Sababu za jambo hili ni nyingi, kama vile maradhi, maji machafu, na kazi za shamba zinazomtenga mama na mwanawe mchana kutwa. Lakini sababu moja imo ndani ya kikombe cha uji, na hiyo twaweza kuitengeneza kwa mikono yetu.

Kwanza tukumbuke kwamba mtoto asiyetimiza miezi sita hahitaji chakula wala maji. Maziwa ya mama yamtosha kwa njaa na kwa kiu. Baada ya miezi sita ni vema aendelee kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi, lakini sasa maziwa peke yake hayamtoshi. Hasa madini ya chuma, ambayo mtoto huzaliwa na akiba yake, huwa yamekaribia kwisha. Hapo ndipo mama huteleka sufuria ya uji.

Na tuutazame uji huo. Desturi ya wengi ni kuupika mwepesi, ili mtoto aumeze bila taabu. Chukueni kikombe cha robo lita, mpike uji wake kwa kijiko kikubwa kimoja cha unga kilichojaa, yaani gramu 12 hivi. Kikombe hicho ndicho kipimo cha tumbo la mtoto mwenye kilo 8; zaidi ya hapo hawezi kwa mara moja. Atakunywa, atashiba, atalala, na mama atafurahi. Lakini mtoto huyo amepata nini? Amepata kijiko kimoja cha unga, na kilichobaki ni maji. Nguvu ya chakula hupimwa kwa kalori. Mtoto wa miezi sita hata minane anahitaji kalori 200 hivi kila siku kutoka katika chakula, mbali na maziwa ya mama. Kikombe kile cha uji champa 40 tu. Akinywa vitatu kwa siku hajafika 130. Tumbo limejaa, na mwili una njaa. Naye hawezi kutuambia, kwa maana hajui kusema.

Fanyeni basi mambo mawili. La kwanza, uji uwe mzito, hata ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha, uji ukae wala usitiririke. La pili, uji usiwe unga mtupu. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta kina nguvu sawa na kikombe kizima cha uji ule mwepesi. Karanga zilizosagwa zina mafuta na pia zina protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Hali kadhalika maharage, dagaa, samaki, maziwa, mayai na nyama, na ini hasa, lina madini ya chuma kwa wingi.

Sasa nitaeleza mapishi mawili, na mwenye kalamu na aandike.

Pishi la kwanza ni uji wa ulezi na karanga. Twaa vijiko vikubwa vitatu vya unga wa ulezi, uukoroge katika maji baridi kidogo usifanye madonge. Chemsha maji kikombe kimoja na nusu, utie unga huo, ukoroge mpaka uive, dakika 15 au 20. Kisha tia kijiko kikubwa kimoja cha karanga zilizokaangwa na kusagwa laini sana. Usimpe mtoto karanga nzima kamwe, maana zaweza kumpalia. Ukiwa na dagaa, waoshe, uwaondoe vichwa, uwakaushe vizuri, uwatwange na kuchekecha, utie kijiko kimoja cha chai cha unga wao uchemke pamoja na uji. Chumvi na sukari hazihitajiwi. Ulimi wa mtoto hujifunza kupenda tunachoufundisha.

Pishi la pili ni viazi vitamu, maharage na mchicha. Loweka maharage usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe kwa maji mapya mpaka yawe laini kabisa, kisha uyamenye ganda na kuyaponda. Chemsha kiazi kitamu, na kama mnavyo vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, hivyo ni bora, kwa sababu vina vitamini A ilindayo macho na kumpa mwili nguvu ya kupigana na maradhi. Chambua mchicha, uoshe, uukatekate, uupike kwa dakika chache tu katika mafuta kidogo. Ponda vyote pamoja. Mafuta yale si ya ladha tu. Pasipo mafuta mwili hauwezi kuipokea vizuri vitamini hiyo.

Baada ya chakula mpe papai au embe lililoiva, lililopondwa. Tunda hilo lausaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Chai hufanya kinyume chake, huyazuia. Kwa hiyo chai si kinywaji cha mtoto mchanga, hata ikiwa na maziwa. Asali pia isitolewe kabla ya mwaka mmoja, maana huweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa mkali kwa mtoto wa umri huo.

Huenda mama mmoja akauliza, "Mwalimu, mtoto wangu hawezi kumeza uji mzito, nifanyeje?" Jibu analo bibi yake, katika kimea. Osha ulezi, uuloweke usiku mmoja, uuchuje, uufunike kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka uchipue. Uanike ukauke, uyapukuse machipukizi, uusage. Pika uji mzito kama nilivyosema, uuepue, uuache upoe kidogo, kisha koroga ndani yake kijiko cha chai cha unga wa kimea. Baada ya dakika chache uji utalainika na kuwa mwepesi, ijapokuwa unga wote bado umo ndani. Uchemshe tena kidogo, kisha mpe mtoto. Usikitie kimea katika uji unaotokota, maana moto mkali huiua nguvu yake. Kipimo cha kijiko kilichoinamishwa basi kipimwe kabla ya kutia kimea.

Kiasi cha chakula hupanda pamoja na umri. Anzeni na vijiko viwili au vitatu kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, mkiongeza pole pole hata nusu ya kikombe cha robo lita. Kutoka miezi tisa apewe nusu kikombe, mara tatu au nne, na kitu kidogo katikati kama ndizi mbivu au parachichi. Akitimiza mwaka, apewe robo tatu ya kikombe hata kikombe kizima, naye aweza kula chakula cha nyumbani kilichokatwakatwa, katika sahani yake mwenyewe. Sahani yake, nasema, kwa sababu akila sinia moja na ndugu zake wakubwa, mikono yao ni mepesi kuliko wake.

Chakula kizuri kikichafuka ni sumu. Oshe mikono kwa sabuni anayepika, na anayelisha, na mtoto pia. Tumieni kikombe na kijiko, si chupa ya kunyonyea, ambayo ni shida kuisafisha. Chakula kisikae zaidi ya saa mbili baada ya kupikwa, ila mahali penye baridi. Na kikipashwa moto, kichemke kweli kweli. Tena angalieni sana ukungu. Mahindi na karanga zilizoota ukungu zina sumu iitwayo aflatoksini, nayo haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani nchini Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 wakafa. Kwa hiyo punje mbaya zisisagwe kuwa unga wa mtoto kwa kuona huruma ya kuzitupa.

Mtoto akiugua, msimnyime chakula. Anyonye mara nyingi zaidi, apewe kidogo kidogo anachokipenda; na akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku mpaka arudishe mwili wake.

Liko neno jingine. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo Ghana tangu mwaka 1957, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wenye miguu iliyovimba na nywele zilizobadilika rangi. Aliuita kwa jina alilolisikia kwa wenyeji, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani azaliwapo mdogo wake. Sisi huuita unyafuzi. Wale wenyeji waliona sawasawa: hatari humwingia mtoto pale anapopoteza maziwa ya mama na mahali pake hapatiwi chakula chenye protini. Msidhani mtoto mwenye mashavu yaliyovimba amenenepa. Mkiona miguu imevimba, mpelekeni zahanati siku ile ile.

Sasa mabwana, neno lenu ni hili. Kuku huzunguka uani, na mayai hukusanywa kila siku. Lakini katika nyumba nyingi mayai husafiri kwenda gulioni, na sukari hurudi. Sikatazi biashara, ila katika mayai kumi, je, mawili hayawezi kubaki? Yai lililochemshwa mpaka likawa gumu, likapondwa na kutiwa katika uji, ni chakula cha kujenga mwili kisicho na taabu. Kuna mahali wasemapo kwamba mtoto akila yai atachelewa kusema. Nawaheshimu wazee, nao wametufundisha mengi. Lakini katika hili watoto wengi wamekula mayai, wakasema kwa wakati wao, wengine mpaka tukachoka kuwasikiliza.

Tena, chakula nilichokieleza chataka muda, na muda wa mama huliwa na jembe, na kuni, na ndoo ya maji. Mama akirudi jua linapotua, mtoto amelishwa na dada yake wa miaka minane, naye amempa alichokikuta, yaani uji wa asubuhi uliopoa. Hakuna pishi liwezalo kumponya mtoto wa nyumba ambayo mama peke yake ndiye ateka maji na kuchanja kuni. Mume aliyebeba ndoo mbili asubuhi amemlisha mwanawe, ijapokuwa hakushika kijiko. Hiyo si aibu. Aibu ni kuhesabu magunia ghalani huku mtoto akidumaa mlangoni pake.

Wanafunzi mnaosikiliza, someni maneno haya kwa mama na bibi zenu, na mwulize zahanati juu ya kadi ya mdogo wenu, kama mstari wake unapanda au umelala. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu huzibwa kwa vitu tulivyo navyo: ulezi, karanga, maharage, mchicha, dagaa, na yai moja la kuku wa nyumbani.

Jioni hii, kabla ya kumlisha mtoto, inamisheni kijiko. Uji ukitiririka kama maji, urudisheni motoni.

Kwaherini.