Tulichoona Irente, na kilima chetu sisi



Mulituomba tuwaelezee safari ya Lushoto, Tanzania, kule sisi wa kazi ya kilimo tulipelekwa kwa mafunzo. Tutasema kwa kifupi, maana mvua iko karibu na kila mtu ana shamba linalomungoja.

Wengi wetu humu tulikaa Nyarugusu ao Lugufu, na Tanzania tunayoijua ni ile ya Kigoma. Lushoto iko mbali, upande wa Tanga, katika milima ya Usambara, kwenye urefu wa metre 1.400 hivi. Wajerumani walipotawala waliipenda baridi yake, wakajenga mji, wakauita Wilhelmstal. Toka mjini, ukitembea kilometre 5 ao 6, unafika Irente. Pale mlima unakatika gafula. Kuna jabali lililochomoza nje, na chini yako, karibu metre 1.000, unaona uwanda wote: Mazinde, mashamba ya mkonge, barabara, na reli ya kwenda Moshi. Motokari zinaonekana kama siafu. Wageni wanatoka Ulaya kuja kusimama pale na kupiga foto. Ni kuzuri kweli, hatuwezi kuficha.

Lakini si foto tulitaka kuwaletea. Ukiwa pale juu unaona mara moja kama milima na uwanda ni kitu kimoja. Maji ya wale wa juu ndiyo yanashuka kwa wale wa chini, yakiwa safi ao yakiwa na udongo na mawe. Sisi hatuna lazima ya kufundishwa hilo. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulibomoa manyumba Uvira. Mwezi wa tano 2023, Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, tulizika watu kwa mamia.

Wasambaa nao walipatwa na shida ya udongo. Kuanzia 1946, serikali ya Waingereza ilileta mpango kule Mlalo: kila mlimaji alazimishwe kuchimba matuta kwenye miteremko. Wazo la kulinda udongo halikuwa baya. Lakini watu hawakuulizwa. Kazi ilikuwa nyingi, sana sana kwa wamama, na mwenye kashamba kadogo aliona anapokonywa hata hako. Wakakataa, na mbele ya uhuru wa 1961 mpango ulikuwa umekwisha kuachwa. Leo ukipita kule unaona matuta na mistari ya majani ya gwatemala, yale yale sisi tunaita tripsakumu. Ngombe wanayakula, na mizizi inashika udongo. Mtu anayapanda kwa kuwa yanamusaidia.

Sasa tuje kwetu. Munajua ule mteremko mkali juu ya masomo na kisima. Wamoja wanasema: tukataze kulima pale, tumalize. Tunawaomba musiende mbio. Wanaolima pale ni nani? Ni wale waliorudi nyuma ya wote, wakakuta mabonde yote yana wenyewe. Tukiwafukuza bila kitu, watapanda juu zaidi na kukata miti iliyobaki. Tukiwaacha vile vile, siku moja mlima utashuka juu ya watoto.

Sisi tunaona hivi. Kwanza, tutembee pale juu pamoja, wenye mashamba wakiwa mbele, tuangalie wapi udongo umekwisha kupasuka. Pili, sehemu ile mbaya kabisa tuiachie miti, na mwenye kuiacha apewe sehemu bondeni. Hapo ndiko kuna ugumu: inaomba sisi tulio na mashamba makubwa tukate kipande. Hakuna shirika litakalokata kwa nafasi yetu, hata lile tunalotumikia. Tatu, sehemu zinazobaki zipate tripsakumu, na kazi tuifanye kwa zamu, kama vile tunajengeana nyumba.

Mkutano unaokuja, kila mtu aje na jibu lake: mimi naweza kutoa kipande gani? Wazee wa kijiji watakuwapo, na kila patano litaandikwa, kusudi kesho mtoto wa mtu asije kusema shamba liliibiwa.