Shabaha na Mshabaha: Lugha ya Marubani Wanapolenga

Asubuhi ya tarehe 14 Aprili 1994, marubani wa ndege mbili za kivita za Marekani aina ya F-15 waliona helikopta mbili zikipita chini chini kwenye mabonde ya kaskazini mwa Iraki. Rubani kiongozi alizipita kwa kasi, akazitupia jicho, kisha akatangaza redioni kuwa ni Hind, jina ambalo NATO huipa helikopta ya Kirusi Mi-24. Akamtaka mwenzake athibitishe. Mwenzake naye akapita, akajibu kwa maneno mawili tu: "Tally two."

Makombora yakafyatuliwa. Kumbe zilikuwa Black Hawk za jeshi la Marekani lenyewe, kila moja imechorwa bendera sita za nchi hiyo. Watu wote 26 waliokuwamo walikufa: Wamarekani, Waingereza, Mfaransa, Waturuki na Wakurdi.

Makosa ya siku ile yalikuwa mengi. Helikopta zilitumia msimbo wa utambulisho usio wa eneo lile, na wasimamizi wa anga ndani ya ndege ya rada hawakuwaonya marubani. Hata matangi ya mafuta yaliyoning'inia ubavuni yaliifanya Black Hawk ionekane kama Hind, ambayo ina vibawa. Lakini makala hii inalifuatilia kosa moja dogo zaidi, lile lililokaa ndani ya neno "tally".

Neno hilo lilitoka porini. Wawindaji wa mbweha nchini Uingereza walipaza sauti "tally-ho" kila walipomwona mnyama, na marubani wao wakalichukua wakapanda nalo angani. Leo lina maana iliyofungwa kabisa: nimemwona adui, au nimeiona shabaha. Anayemwona mwenzake wa upande mmoja husema "visual". Asiyemwona adui husema "no joy", na aliyempoteza mwenzake husema "blind". Maneno manne, kila moja na kazi yake, kwa sababu rubani aliyekaribia kufyatua kombora hana nafasi ya kutunga sentensi.

Sasa lirudie jibu lile. Kiongozi aliuliza: hizi ni Hind? Mwenzake akajibu: naziona mbili. Alihesabu, hakutambua. Aliyeuliza akasikia uthibitisho, na ubaya ni kwamba kamusi ilimsaidia kukosea, maana "tally" haisemwi juu ya rafiki. Neno lilikuwa limekwisha kuzihukumu helikopta zile kabla mtu hajazitambua.

Msemaji wa Kiswahili ana faida hapa, hata kama haitambui. Neno shabaha, ambalo kwetu ni kile anacholenga mpigaji, limebeba pia maana ya mfanano. Ni ndugu wa mshabaha na kushabihiana. Kwa rubani, kilicho mbele ya kioo ni mfanano kwanza: umbo, rangi, kivuli juu ya mlima. Nusu ya istilahi za ulengaji zipo ili kumzuia asiruke kutoka maana ya pili ya neno hilo hadi ya kwanza kwa hatua moja.

Nusu ya pili inahusu bomu likishaachiwa, na huko ndiko maneno yanakopenda kudanganya. Mwaka 1941 serikali ya Uingereza iliagiza picha zilizopigwa na ndege zake za usiku mwezi Juni na Julai zichunguzwe. Ripoti iliyotokana na uchunguzi huo, ijulikanayo kama Ripoti ya Butt, ya Agosti mwaka huo, ilionyesha kwamba, kati ya ndege zilizodai kushambulia shabaha, ni moja tu kwa kila tatu iliyofika ndani ya maili tano za mahali hasa palipokusudiwa. Juu ya viwanda vya Ruhr ilikuwa moja kwa kumi. Msomaji achukue kalamu: duara la nusu kipenyo cha maili tano lina zaidi ya kilomita za mraba 200. Hilo ndilo lililoitwa eneo la shabaha, na bado ndege nyingi zililikosa!

Wamarekani walipofanya hesabu zao baada ya Vita vya Pili vya Dunia, eneo la shabaha kwao lilikuwa duara la nusu kipenyo cha futi 1,000, yaani mita 300 hivi. Ni takribani asilimia 20 ya mabomu yao yaliyoelekezwa kwenye shabaha mahususi iliyoangukia humo. Duara la Waingereza lilimeza la Wamarekani karibu mara 700, na yote mawili yaliitwa kwa jina moja.

Kipo pia kipimo cha heshima zaidi, kinachofupishwa CEP: nusu kipenyo cha duara ambamo nusu ya mabomu yanatarajiwa kuanguka. Bomu la JDAM, linaloongozwa kwa setilaiti, lilitakiwa kuwa na CEP ya mita 13. Wengi husoma tarakimu hiyo kama ahadi kwamba bomu halivuki mita 13. Sivyo. Ukiangusha kumi, matano yanatarajiwa kuanguka nje ya duara, na kipimo chenyewe hakisemi ni mbali kiasi gani.

Usiku wa tarehe 7 Mei 1999, ndege ya Marekani aina ya B-2 iliangusha JDAM tano mjini Belgrade, mji mkuu wa Yugoslavia. Shabaha iliyokusudiwa ilikuwa ofisi ya Yugoslavia ya ununuzi wa silaha. Wachambuzi wa CIA walikuwa na anwani ya mtaa tu, wakakisia mahali pake kwenye ramani kwa kufuata mpangilio wa namba za nyumba katika mitaa sambamba. Jengo walilolifikia kwa njia hiyo lilikuwa ubalozi wa China. Ulikuwa umehamia hapo miaka michache kabla, na hifadhidata zilizopaswa kuwazuia zilikuwa bado zikiuonyesha kwenye makao yake ya zamani. Waandishi watatu wa habari wa Kichina waliuawa. Mitambo ilifanya kazi kama ilivyoundwa, na jengo lililopigwa ndilo lililoandikwa kwenye karatasi ya rubani. Kwa hesabu ya CEP, ambayo hupima umbali kutoka nukta iliyotajwa na si kutoka nukta iliyostahili kutajwa, shambulio lile lilikuwa sahihi.