Kumbukumbu ya Mpiga Piano Bheki Mseleku



Kamati imeniomba nizungumze juu ya miaka yetu ya mwanzo hapa London. Kwa idhini yenu nitaieleza kupitia mtu asiye wa ukoo wetu, marehemu Bheki Mseleku, mpiga piano wa Afrika Kusini.

Sisi tuliokulia Tanga tulilijua neno jazz kuwa ni jina la bendi: Atomic Jazz, Jamhuri Jazz. Magitaa yalitangulia, na watu walicheza. Piano wengi wetu hatukuwahi hata kuigusa. Mwaka 1988, nikiwa bado mgeni katika utumishi wa serikali ya huku, mwenzangu wa kazini alinipeleka katika kilabu kidogo, chumba cha chini ya ardhi ambamo meza zilikaribia kugusana. Nilitazamia dansi. Kumbe watu wameketi kimya kama wasikilizao maulidi!

Mseleku alizaliwa Durban mwaka 1955. Piano alijifunza mwenyewe, na ajali ya utotoni ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Mwaka 1987 alipiga katika kilabu cha Ronnie Scott's, mtaa wa Frith, Soho, na jina lake likaanza kuvuma. Tangu nimjue, kila nilipomfuata nilichagua kiti cha upande wa kulia ili nivione vile vidole. Masikio hayakuweza kuutambua upungufu wake. Pengine mkono mmoja ulibaki kwenye piano na mwingine ukashika saksafoni, akavipiga vyote kwa pamoja. Kisha huimba kwa sauti ya chini, mfano wa mtu aombaye dua peke yake.

Albamu yake Celebration iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury mwaka 1992. Katika Timelessness alishirikiana na vigogo wa Marekani, akina Joe Henderson, Pharoah Sanders na Abbey Lincoln. Baadaye alirudi kwao, na mwaka 2003 ikatoka Home at Last. Hata hivyo alirejea tena London, na hapa ndipo mauti yalipomkuta, Septemba 2008, akiwa na umri wa miaka 53. Wamo humu ukumbini waliofunga virago mara mbili namna hiyo. Hao hawahitaji kufafanuliwa.

Nimemtaja leo kwa sababu alasiri tutapiga kura juu ya ombi la mjukuu wetu mmoja, kwamba mfuko wa elimu umlipie mafunzo ya piano. Wapo wazee wasemao kuwa mfuko ni wa udaktari na uhasibu, na kwamba muziki ni uhuni. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Uhuni haumkalishi mtu kitako miaka na miaka mbele ya piano, bila mwalimu, na vidole vyake vimepungua.

Piano ya kufanyia mazoezi ipo sebuleni kwangu, Mheshimiwa Mwenyekiti, na mlango u wazi kila Jumamosi. Kilichobaki ni ada ya mwalimu.