Klabu Isisimame kwa Mguu Mmoja

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Buseresere, wilayani Chato, juu ya mustakabali wa klabu za michezo ya kulipwa katika ukanda wa migodi.



Mtu anayesimama kando ya barabara hapa Buseresere, mahali ambapo mji huu na mji wa Katoro vimesogeleana kiasi kwamba mgeni hatambui ametoka Wilaya ya Chato na kuingia Wilaya ya Geita, hana shida ya kuona jezi ya Simba wala ya Yanga. Jezi ya klabu ya mkoa wake mwenyewe ndiyo anayohitaji kuitafuta kwa macho. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndani yake limo swali kubwa: klabu ya michezo ni mali ya nani, na huishi kwa nguvu za nani?

Si zamani sana, mkoa huu ulikuwa na timu iliyoheshimiwa nchi nzima. Katika msimu wa 2021/22 Geita Gold, ikiwa ndiyo kwanza imepanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ilimaliza katika nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. Mshambuliaji wake, George Mpole, alifunga mabao 17 akawa mfungaji bora wa ligi, akimpita kwa bao moja Fiston Mayele wa Yanga. Nafasi hiyo iliipeleka klabu katika Kombe la Shirikisho la Afrika, ambako ilitolewa na Hilal Alsahil ya Sudan. Kabla mwaka 2022 haujamalizika, Mpole alikuwa amekwisha kwenda Lubumbashi kuichezea St Eloi Lupopo. Na ilipofika mwisho wa msimu wa 2023/24, Geita Gold ilishuka daraja pamoja na Mtibwa Sugar. Kupanda, kung'ara na kushuka, vyote vilitimia katika misimu mitatu.

Hakuna aibu katika kushuka daraja. Ligi ni ngazi, na katika ngazi kuna apandaye na ashukaye. Aibu ipo pale ambapo klabu inashuka na hakuna mtu mtaani anayehisi kuwa amepotewa na kitu chake. Huo ndio ugonjwa unaostahili kutazamwa.

Mafunzo ya Shinyanga

Klabu za ukanda huu zilizofika juu zimefuatana katika njia moja. Mwadui FC ilizaliwa katika kivuli cha mgodi wa almasi uliogunduliwa na John Williamson mwaka 1940. Jina la timu ni jina la mgodi, na uwanja wake uko katika eneo la mgodi. Mwezi Aprili 2020 mgodi huo ulisimamisha uzalishaji kwa sababu ya kuanguka kwa soko la almasi wakati wa ugonjwa wa korona, na haukurejea kazini hadi mwaka 2021. Msimu wa 2020/21, msimu ule ule ambao mashine zilikuwa zimelala, Mwadui FC ilishuka daraja. Atakaye kusema kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati tu ana uhuru wa kusema hivyo. Lakini mwenye busara hatakosa kuyaweka pamoja na kuyatafakari.

Mfano wa Stand United ni mkali zaidi, kwa kuwa klabu hiyo haikuzaliwa na mgodi. Ilizaliwa stendi ya mabasi ya Shinyanga, mikononi mwa watu wa stendi, ndiyo maana ikaitwa hivyo, na mashabiki wakaipa jina la Chama la Wana. Watu wasio na ofisi wala gari waliifikisha timu yao Ligi Kuu mwaka 2014. Mwaka 2015 kampuni ya Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Bulyanhulu na Buzwagi, ikaingia udhamini. Fedha ambazo stendi haikuwahi kuziona zikaonekana. Pamoja nazo ukaja ugomvi: upande mmoja ukitaka klabu iendeshwe kama kampuni, upande wa pili ukisisitiza kwamba ni mali ya wanachama. Mwaka 2016 mdhamini alijiondoa. Mwaka 2019 Stand United ikashuka. Katika mwaka huo huo Acacia yenyewe ilimezwa na Barrick na jina lake likafutika, na mwaka 2021 mgodi wa Buzwagi ukamaliza uzalishaji wake.

Fundisho ni kwamba mdhamini hana umilele. Kampuni huuzwa, mgodi hukauka, bei huanguka katika soko la London, na meneja mwenye kupenda mpira huhamishwa akaja asiyeupenda. Mkulima wa pamba anajua kwamba ardhi, ikitunzwa, hutoa mavuno kila mwaka. Shimo la dhahabu halitoi mavuno mawili. Klabu iliyojengwa juu ya shimo inajengwa juu ya kitu ambacho siku yake ya mwisho inajulikana tangu siku ya kwanza.

Hata kwa matajiri

Wako watakaodhani kwamba huu ni ugonjwa wa nchi maskini, na kwamba dawa yake ni fedha nyingi zaidi. Basi na watazame Marekani, nchi isiyo na upungufu wa fedha. Mwaka 2018 ilianzishwa huko ligi ya kulipwa ya mpira wa raga, ikiwa na timu saba. Raga ni mchezo ambao Wamarekani waliwahi kuutwalia medali ya dhahabu ya Olimpiki mara mbili, mwaka 1920 na mwaka 1924, kisha wakausahau kwa miongo mingi. Ligi hiyo ilikuja kuufufua.

Mwaka 2021 ubingwa ulichukuliwa na klabu ya Los Angeles iliyoitwa Giltinis, mali ya tajiri mmoja aliyekuwa pia na mkono katika klabu ya Austin. Mwaka uliofuata ligi ilizitoa klabu zote mbili mashindanoni kabla ya michezo ya mwisho kwa kukiuka kanuni, na hazikurudi tena uwanjani. Bingwa wa 2021 hakufika 2023. Bingwa wa mwaka 2022 ilikuwa klabu ya New York. Nayo ilifungwa mwishoni mwa msimu wa 2023. Toronto, klabu pekee ya Kanada katika ligi hiyo, ilikoma mwaka 2023 baada ya kufariki kwa mwenye mali aliyeibeba. Dallas ikafuata mwaka 2024.

Mabingwa wawili waliofuatana walifutika katika ramani, na wala si kwa kufungwa mabao. Wachezaji wao walikuwa hodari na makocha wao walikuwa na elimu. Kilichokosekana ni watu wa kuzirithi. Mwenye mfuko alipougua, alipofilisika au alipochoka, hapakuwa na mtu wa pili wa kushika kamba. Klabu ya New England, iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 2023, imefanya makao yake katika mji mdogo wa Quincy, kwenye uwanja wa manispaa, miongoni mwa watu wanaoihesabu kuwa yao. Haina maana kwamba fedha hazihitajiki huko. Maana yake ni kwamba fedha zimepata mahali pa kukaa.

Halmashauri nayo si mlezi wa milele

Baadhi ya mikoa imejaribu njia nyingine, yaani klabu kumilikiwa na halmashauri. Geita Gold ni ya halmashauri ya mji wake, na imewahi kudhaminiwa na mgodi. KMC ni ya Kinondoni. Pamba ya Mwanza, iliyobeba jina la zao lililoujenga mji ule, ilirejea Ligi Kuu mwaka 2024 ikiwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji. Njia hii imeokoa timu ambazo vinginevyo zingekufa, na wanaostahili sifa wapewe sifa zao.

Lakini watumishi waliomo katika ukumbi huu wanajua uzito wa bajeti. Halmashauri ina madarasa ya kuezeka, dawa za kununua na mishahara ya vibarua ya kulipa. Kila shilingi ya halmashauri inayomlipa mchezaji ni shilingi iliyopita mbele ya dawati bila kusimama. Siku diwani atakapouliza kwa nini mfungaji wa mabao analipwa wakati wanafunzi wanakaa chini, hapatakuwa na jibu rahisi, na haifai pawepo. Halmashauri yaweza kutoa uwanja, ulinzi na usimamizi. Haiwezi, na haipaswi, kuwa mfuko wa kudumu wa mishahara ya timu.

Nani basi abebe klabu? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Kabla mpira wa miguu haujafika katika nchi ya Wasukuma, zilikuwapo Bagika na Bagalu. Hivyo ni vyama vya ngoma vilivyogawana nchi nzima ya Usukuma katika pande mbili zinazoshindana. Baada ya mavuno, wachezaji wa upande huu na wa upande ule husimama uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watu wengi zaidi upande wake. Vina viongozi, vina waganga, vina wafuasi wanaorithishana kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Vimepita katika utawala wa Wajerumani, katika utawala wa Waingereza, katika Uhuru na katika mabadiliko yote ya uchumi, na bado ngoma inalia. Havikuanzishwa kwa fedha za mgodi. Vimedumu kwa sababu kila aliyesimama uwanjani alikuwa na upande.

Na wazee wa pamba walifanya hivyo hivyo katika biashara. Mwaka 1955, chini ya uongozi wa Paul Bomani, vyama vya ushirika vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana na kuwa chombo kimoja chenye nguvu, kilichojengwa kwa michango ya watu wenye majembe. Azimio la Arusha la 1967 lilipoonya juu ya kuzifanya fedha kuwa msingi na watu kuwa nyongeza, lilikuwa likisema jambo ambalo wakulima hao walikuwa wamekwisha kulitenda.

Wajibu wa mwalimu na mtumishi

Itasemwa kwamba nyakati zimebadilika, kwamba mchezaji wa leo halipwi kwa makofi, na kwamba bila mdhamini hakuna Ligi Kuu. Hoja hiyo ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Mdhamini anahitajika. Hitaji hilo lakini halimfanyi kuwa mzazi wa klabu. Ni mgeni mwema anayekuja na mzigo mkononi. Mgeni hupewa kiti, hakabidhiwi hati ya nyumba. Serikali yenyewe, ilipoweka utaratibu wa uwekezaji katika klabu za wanachama, ilitaka wanachama wabaki na asilimia 51. Ujerumani ina kanuni ya namna hiyo tangu 1998. Lakini asilimia 51 ya klabu isiyo na wanachama ni asilimia 51 ya hewa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandikisha wanachama, na kuandikisha kweli kweli: daftari, kadi, ada ndogo ambayo muuza samaki, mchimbaji mdogo na dereva wa bodaboda wanaweza kuilipa, na matawi katika kila mji wa mkoa huu, Buseresere ikiwamo. Kazi ya pili ni hesabu. Mapato na matumizi yasomwe mbele ya wanachama kila mwaka, na hapa ndipo mtumishi wa umma anapohitajika, maana ndiye ajuaye kusoma vitabu vya fedha na kuuliza hati ya malipo iko wapi. Klabu nyingi zimeuawa na mweka hazina kuliko zilizouawa na mshambuliaji.

Kazi ya tatu ni ya mwalimu, nayo ni kubwa kuliko zote. Mchezaji halali wa klabu ya mkoa yuko leo darasa la tano. Ataonekana katika UMITASHUMTA, kisha katika UMISSETA, kama kuna mwalimu aliyemwona na kumwandika jina. Akikosa mwalimu huyo, ataonwa na mwenye duara la machimbo, ambaye haulizi cheti cha kuzaliwa. Kila mwaka vijana wenye miguu ya dhahabu huteremka shimoni kutafuta dhahabu ya mtu mwingine. Geita Gold ilicheza Ligi Kuu katika uwanja wa Nyankumbu, uliomo katika shule ya sekondari ya wasichana. Pawepo atakayesahau mengine yote, asisahau hilo: mpira wa kulipwa wa mkoa huu ulifanyiwa nafasi na shule. Basi viwanja vya shule vilindwe. Kiwanja kinachokatwa viwanja vya nyumba leo hakitarudi, hata mgodi mpya ukigunduliwa kesho.

Klabu za ukanda huu zinaweza kupanda tena, na ipo haki ya kutumaini kwamba zitapanda. Zitakapopanda, swali litakalosubiri mlangoni halitakuwa nani atalipa, kwa maana wa kulipa hupatikana mtu akishinda. Swali litakuwa: siku mlipaji akiondoka, nani atabaki? Ikiwa katika ukumbi huu watakuwamo hata watu ishirini wenye kadi ya uanachama mfukoni na wenye ada iliyolipwa, jibu litakuwa limeanza kuandikwa, na litakuwa limeandikwa Buseresere.