Mwenzetu Mwenye Usonji Kazini

Huku kwetu Kirua Vunjo mtu asiyewaamkia wazee huhesabiwa kuwa na kiburi. Ndiyo maana mwenzetu mwenye usonji huhukumiwa kazini kabla hajajulikana. Huenda hatutazami usoni, kelele za ghalani humtesa, na badiliko la ghafla humvuruga. Usonji ni namna ubongo ulivyoumbika tangu utotoni. Si laana wala matokeo ya malezi mabaya.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Kwa maoni yetu hesabu hiyo haitoshi: mtu aweza kuajiriwa, kisha akachekwa hadi akaacha kazi mwenyewe.

Tumweleze kazi kwa maneno ya wazi, si kwa mafumbo (nasi twayapenda mno!). Akipokea kahawa mizanini, tumwandikie hatua zake. Zamu ikibadilika, aarifiwe siku moja kabla. Akila peke yake mchana, tusimnunie. Na msimamizi anayemdhihaki mbele ya wakulima aonywe kwanza faraghani. Akikaidi, shauri lifikishwe kwenye bodi ya chama.