Kabrasha Lililofichwa Halijapotea, Wala Halijalindwa

Matini ya mazungumzo na watumiaji wa kompyuta na simu, wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera



Tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la mafundi peke yao. Jambo lenyewe ni makabrasha, au mafolda kama wengi wetu tunavyoyaita, ambayo yamo ndani ya kompyuta au flashi lakini hayaonekani. Kutolijua jambo hili kunawagharimu watu nyaraka, fedha na nafasi ambazo pengine hazitarudi.

Tuchukue mfano. Katibu wa kikundi cha akina mama wa Rulenge anatunza katiba ya kikundi, mihtasari ya vikao na andiko la mradi katika flashi moja. Kikundi kinaomba mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Katibu anasafiri hadi Ngara mjini na kuingia katika duka la kuchapisha nyaraka. Flashi inachomekwa, nayo yaonekana tupu, au ina alama chache tu zisizofunguka ipasavyo. Anaambiwa, “Mama, flashi yako imeharibika, tuifomati.” Akikubali, kazi ya miezi mingi imekwisha. Akikataa, huenda akatajiwa bei kubwa ya kurudisha nyaraka hizo. Kijana wa Nyakanazi aliyehifadhi nakala za vyeti vyake kwa ajili ya maombi ya ajira au ya mkopo wa elimu ya juu yumo katika hatari ileile.

Mara nyingi, katika hali kama hiyo, nyaraka hazijaenda popote. Zimefichwa tu.

Kila faili na kila kabrasha ndani ya kompyuta linaweza kuwekewa alama inayoiambia kompyuta isiliorodheshe. Waundaji wa mifumo waliweka alama hiyo kwa nia njema, ili makabrasha yanayoendesha mfumo wenyewe yasifutwe kwa bahati mbaya. Lakini baadhi ya virusi vinavyosafiri kwa flashi huitumia vibaya. Huyaficha makabrasha yako halisi, kisha huweka mahali pake njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya njia hiyo ya mkato, unavikaribisha virusi ndani ya kompyuta, navyo huisubiri flashi ya mteja anayefuata.

Jamii mojawapo ya virusi vya namna hiyo huitwa Gamarue, au Andromeda. Mwezi Novemba 2017, shirika la polisi la Ulaya, Europol, pamoja na FBI ya Marekani, kampuni ya Microsoft na washirika wengine walizima mtandao uliokuwa ukiviongoza. Hata hivyo, operesheni hiyo haikuweza kusafisha kila flashi iliyokwisha kuambukizwa. Ndiyo maana duka ambalo kompyuta yake moja hupokea flashi za wateja wengi kwa siku lapaswa kuwa na kinga iliyo hai dhidi ya virusi.

Sasa tuangalie la kufanya. Maneno nitakayoyataja kwa Kiingereza ni yale mtakayoyaona kwenye kioo cha kompyuta.

Kwanza, usibofye alama yoyote yenye mshale mdogo pembeni. Mshale huo ni ishara ya njia ya mkato.

Pili, pima kilichomo. Fungua “This PC”, bofya flashi yako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua “Properties”. Utaonyeshwa nafasi iliyotumika. Endapo nafasi iliyotumika ni kubwa ilhali flashi yaonekana tupu, basi kuna kitu ndani yake. Gunia la maharage likiwa zito, mdomo kufungwa hakulifanyi kuwa tupu.

Tatu, amuru kompyuta ikuonyeshe yaliyofichwa. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi E. Katika Windows 10, fungua “View”, kisha weka tiki kwenye “Hidden items”. Katika Windows 11, fungua “View”, halafu “Show”, halafu “Hidden items”. Makabrasha yaliyofichwa yatatokea yakiwa yamefifia kidogo.

Nne, yasipotokea, huenda virusi vimeyawekea pia alama ya faili za mfumo. Katika Windows 10 fungua “View” kisha “Options”. Katika Windows 11 bofya vidoti vitatu vilivyo juu kisha “Options”. Ingia sehemu ya “View”, uondoe tiki kwenye “Hide protected operating system files”, na ukubali onyo utakalopewa.

Tano, ondoa alama hizo. Katika sehemu ya kutafutia programu andika cmd, ubonyeze Enter. Andika herufi ya flashi yako na nukta mbili, kwa mfano E: kisha Enter. Hakikisha mstari umeanza na herufi hiyo, ndipo uandike attrib -h -r -s /s /d *.* na kubonyeza Enter.

Sita, kagua flashi kwa “Windows Security”, kinga inayokuja na Windows 10 na 11 bila malipo. Nakili nyaraka zako pekee, uache njia za mkato na programu usizozifahamu. Ukishahakikisha kwamba nakala zinafunguka, ndipo flashi ifomatiwe. Mwisho, rudisha mipangilio ilivyokuwa, maana yapo makabrasha ya mfumo ambayo hayapaswi kuguswa.

Niseme pia mpaka wa njia hii. Endapo nafasi iliyotumika yaonekana kuwa sifuri, au kompyuta yenyewe inadai flashi ifomatiwe kabla ya kuifungua, tatizo laweza kuwa jingine. Hapo usiandike chochote juu ya flashi hiyo. Itoe na umpelekee fundi unayemwamini.

Ndugu wananchi, jambo hili lina upande wa pili. Ikiwa mimi naweza kuona kilichofichwa kwa kuweka tiki moja, basi mtu mwingine yeyote aweza. Katika simu za Android, kabrasha ambalo jina lake linaanza na nukta huwa limefichwa. Lakini programu nyingi za kusimamia faili zina sehemu ya kuyaonyesha makabrasha hayo. Kwa hiyo usifiche picha ya kitambulisho, nywila za akaunti au picha za faragha ukadhani umezifungia. Tumia nywila imara katika simu na kompyuta. Kabla ya kuuza kifaa, hamisha nyaraka zako, kisha kirejeshe katika hali ya kiwandani kwa kufuta kila kitu.

Vivyo hivyo katika duka la huduma. Ukimaliza kuchapisha, omba nakala zako zifutwe katika kompyuta hiyo na katika “Recycle Bin” yake, na kama ulifungua barua pepe, hakikisha umetoka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inalinda taarifa zako. Ukiona zimetumiwa isivyo halali, unaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na ukitapeliwa au kutishwa kwazo, toa taarifa kituo cha Polisi.

Kabla ya kumkabidhi mtu flashi yako, uliza bei ya huduma na uombe risiti. Akisema iharibiwe yote kwa kufomatiwa, mwambie kwa heshima: “Naomba kwanza unionyeshe nafasi iliyotumika, na uweke tiki kwenye ‘Hidden items’.” Fundi mwaminifu hatakasirika. Na nyaraka ambazo kikundi au familia haiwezi kuzipoteza zisikae katika flashi moja tu: weka nakala ya pili katika barua pepe yako, na nyingine ya karatasi nyumbani.